Posa ya Msoma Mawingu

Zhanqian Road, Guangzhou, saa tano asubuhi watu hawatembei, wanasukumana. Ndipo Swalha wa Malindi, Unguja, ndani ya baibui la zambarau na raba nyeupe, alipogongana mlangoni mwa duka la jinzi na kijana mrefu aliyekumbatia koti nene la manyoya. Na joto la siku ile lilikuwa la kukamua shati.

"Kaka, unaumwa?" Swalha aliuliza kwa Kiswahili; sura ya Pemba haifichiki.

"Naumwa baridi ya Norwei, ninakoomba kazi," kijana akacheka. "Naitwa Ameir. Nasoma hali ya hewa, chuo cha hapa. Wewe ndiye laoban wa duka?"

"Bosi Mchina. Mimi nawapigania wageni bei. Na hilo koti umeshapigwa."

Kwao Swalha alizoea nyumba ya watu kumi na sita. Hapa alipanga chumba Sanyuanli, akipika wali wa kikombe kimoja. Simu za Ameir zilipoanza, alizipokea hata akiwa na sabuni usoni.

"Leo umeona nini huko mawinguni, roho yangu?" Swalha alimuuliza usiku mmoja.

"Dhoruba. Kaskazini kabisa. Upepo wa barafuni unashuka baharini, unakuta maji yana joto kidogo, basi, kinazuka kimbunga kidogo chenye jicho lake. Asubuhi hakipo, mchana kinapindua mashua, kesho kimekwisha. Setilaiti isipopita saa ile, hukioni."

"Kama hasira zangu."

"Zako zinaonekana hadi mwezini, laazizi."

Kisha Ameir akanyamaza. Siku tisa hapokei, haandiki. Joyness wa Mwanza, jirani yake wa duka, akatoa hukumu: "Shosti, kazi ya Norwei ameshapata, na Mnorwei juu."

Wiki hiyohiyo Nassor, kaka yake Swalha, akapiga kutoka Unguja. "Kuna posa imeletwa. Tujibu nini?"

Swalha hakuwa na shaka: ni Gharib, yule mjane waliyemkataa mara mbili. "Jibuni hapana. Na jina lake msinitajie!"

Siku ya kumi ujumbe ukaingia. *Jibu la wazee nimelipata. Sina kinyongo. Naruka leo. Ameir.*

Swalha akampigia kaka yake. "Posa ile ya nani?"

"Ya Ameir, msoma mawingu. Si ulisema usitajiwe?"

Swalha akampigia Ameir, naye akapokea simu akiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

"Kwa nini hukuniambia?" Swalha alifoka.

"Barua ikishaingia kwenu, mwanamume hufunga mdomo mpaka ajibiwe. Mjomba alinikanya."

"Unaona dhoruba ya mwisho wa dunia, mimi nalia Sanyuanli hunioni!"

Ameir akauliza taratibu: "Nitume barua nyingine?"

"Tuma. Safari hii nitauliza jina."

"Kazi yenyewe ni ya miaka miwili, Swalha. Mimi kule, wewe hapo."

"Tuma, nimesema."

Ijumaa ya tatu tangu simu ile, saa nne asubuhi ya Unguja, saa tisa mchana ya Guangzhou, wakaozeshwa. Ameir aliwakilishwa na mjomba wake. Mwenyewe alikuwa zamu huko kaskazini, akingoja picha za setilaiti. Swalha alisimama kati ya marobota ya jinzi, simu sikioni, akisikiliza vigelegele vya mashangazi, watoto wakigombea halua, nyumba imejaa hadi barazani. Mara simu ikakatika.

Mteja kutoka Lubumbashi akamgusa bega. "Dada, hii ina saizi kubwa?"

"Ipo," alisema bi harusi, akapanda ngazi kuifuata.