Aliyekata Tangazo la Reuben

Alhamisi moja ya mwaka 1962, saa nne asubuhi, Wilf Utting alifungua daftari la matangazo ya ndoa, yale yanayosomwa kanisani Jumapili tatu, katika chumba cha kasisi, kanisa la Thornwick. Alifika mwaka 1826 akakuta ukurasa mmoja haupo. Haukuchanwa. Ulikatwa kwa wembe, na mkato ulikuwa mweupe bado, ilhali kurasa zote zilikuwa na rangi ya chai.

"Jumatatu ulikuwepo," alisema Mchungaji Lyle, rangi imemtoka. "Niliona jina la Reuben Utting juu kabisa. Sikusoma zaidi, nikakuachia wewe."

"Ukamwambia nani?"

"Nilitaja kwenye kikao cha kanisa. Nilidhani watafurahi."

Wilf aliguna. Watu wa vikao na furaha yao! Nyumba aliyokaa, aliyomuuguzia mkewe Enid mpaka akafa, ilikuwa wakfu kwa wazao halali wa wachimba mifereji. Sasa wadhamini walimtaka athibitishe kabla ya mwezi kwisha kwamba mchimbaji Reuben, babu ya baba yake, alimwoa Keziah kanisani. La sivyo, atoke. Thornwick ndoa hiyo haikuandikwa. Bila shaka ilifungwa kwa kina Keziah, na ni ukurasa ule tu ambao ungetaja parokia yake.

Wilf alimgeukia Doris Gotobed, msafishaji wa kanisa, aliyeshika kisu cha kukatia maua ya altare. Walikuwa hawasalimiani tangu wagombee paka.

"Doris, kabati hili umelifungua?"

"Nimelifungua, nimepangusa vumbi, nimelifunga. Nina muda gani wa kusoma wafu mimi?"

"Na kisu chako?"

Doris alikibwaga mezani. "Kijaribu kwenye siagi kwanza, ndipo uniite mwizi, mzee wa gubu wewe!"

Wilf alikijaribu kwenye gazeti. Kilichana, hakikukata.

"Ufunguo kaazima nani?"

"Kila mwenye tai. Jumanne Bwana Cawthorne, eti anaangalia unyevu ukutani. Na huyu Mchungaji wako anao wake."

Wilf alimtazama kasisi kwa jicho baya. Naye alikuwa mkubwa, wakubwa hulindana.

Saa nane mchana yeye na kasisi walikuwa sebuleni kwa Hubert Cawthorne, mwenyekiti wa wadhamini. Hakuwaambia wakae.

"Ukurasa umeibwa, Bwana Cawthorne," alisema Wilf.

"Pole sana, Utting. Muulize yule mama wa mafagio."

"Nimemuuliza. Wewe kabatini ulitafuta nini?"

"Unyevu. Na sikiliza, hata ungeupata ukurasa wenyewe, ungekufaa nini? Kibarua wa matope na kisichana cha Saltby! Nani alijali kama waliona altare?"

Wilf alimgeukia kasisi. "Mchungaji, umewahi kumtajia parokia ya Saltby?"

"Mimi?" Kasisi alimtumbulia macho mwenyeji wao. "Hata mimi sikuijua."

"Wala mimi. Miaka miwili natafuta kwao Keziah." Wilf alisogea. "Pamoja na wembe wako, umesahau kitu kimoja. Bibi arusi naye hutangazwa kwao. Daftari la Saltby hukulikata."

Kasisi alikuwa ameshashika simu, akimpigia mwenzake wa Saltby. Walingoja, Cawthorne akirekebisha tai isiyohitaji kurekebishwa. Mwishowe kasisi alirudia maneno aliyosomewa: "Reuben Utting, mseja, wa Thornwick. Keziah Bunn, wa parokia hii. Wamefunga ndoa."

Cawthorne alifungua mtoto wa meza, akatoa ukurasa. "Mapaa ya nyumba za wakfu yanavuja," alisema chini chini. "Watu wa London wangelipa vizuri kupanga nyumba yako kila kiangazi. Ningetengeneza mapaa yote."

"Enid alikuandikia juu ya paa. Alikufa beseni liko kitandani kwake."

Cawthorne aliuweka ukurasa mbele yake.

"Niite polisi?" aliuliza kasisi.

"Ita. Lakini kwanza asimame kanisani, aseme alichokata na kwa nini."

"Jumapili hii?" Cawthorne aliuliza.

"Hii, na ijayo, na ile ya tatu," alisema Wilf. "Tangazo halisomwi mara moja."