Maziwa ya Bi Dija

— Haiwezekani, Mwanajuma. Sisi ni ndugu.

Mwanajuma alikuwa nyuma ya mlango, ukaya umemfunika mpaka kidevuni, kama impasavyo mwanamwari mbele ya mchumba wake. Alidhani Kitwana anamtania.

— Ndugu wa wapi tena?

— Mama amekumbuka. Alikunyonyesha ulipokuwa mchanga. Ziwa moja, haramu kuoana. Nisamehe.

Akaenda zake. Hata hakungoja aulizwe! Mahari imeshatajwa, nguo zimeshakatwa, Bagamoyo nzima inajua, halafu mwanamume anageuka kaka asubuhi moja.

Siku hizo Wadachi walikuwa hawajapandisha bendera yao pwani, na ajuaye Kiingereza alikuwa mtu mbele ya watu. Kitwana alikisoma Unguja. Kila alasiri alimfundisha Nurudin, Mhindi muuza nguo, barazani kwake, mkabala na dirisha la kina Mwanajuma. Naye Mwanajuma, nyuma ya dirisha, akasoma bure.

— Neno hili "only" ndilo "tu" letu, Kitwana alieleza siku moja. Lakini angalia unapoliweka. "I love only you": nakupenda wewe tu, mwingine simtaki. Ukilitanguliza, "Only I love you", umesema mimi tu ndiye nikupendaye, wengine wote hawakutaki.

— Arey! Nurudin akacheka. Neno lile lile, limehama kiti tu, limeshamvunjia mtu heshima!

Kitwana akayarudia yale maneno ya kwanza kwa sauti, uso ameuelekeza dirishani. Mwanajuma akayahifadhi. Alilala nayo, akaamka nayo.

Na leo ni ndugu! Mwanajuma hakulia. Alijitupia ukaya wake, moja kwa moja mpaka kwa Bi Dija, mamake Kitwana.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu.

Bi Dija alikuwa akipeta mchele. Hakuinua macho.

— Ulininyonyesha lini?

— Mamako alipougua. Ule mwaka tuliohamia hapa kutoka Pangani.

— Mlipokuja kutoka Pangani mimi nilikuwa chuoni, juzuu ya kwanza nimeshaimaliza. Nilikusaidia kubeba mikeka, ukanipa kipande cha halua. Mtoto wa ziwa huyo? Maziwa yana wakati wake, mama. Ndani ya miaka miwili ya mwanzo yanafanya undugu. Yakija baadaye ni kinywaji tu. Hata ungeninyonyesha siku ile, nisingekuwa mwanao.

Ungo ukamponyoka Bi Dija, mchele ukatawanyika sakafuni.

— Ni Kitwana, mwanangu! Sadallah, tajiri wake wa Unguja, anampa bintiye, kwa sharti asimletee mke mwenza. Akaona haya kukuacha hivi hivi, watu watamsema. Akaniambia, "Mama, wewe sema ulimnyonyesha." Nami uzazi mchungu, nikasema.

— Afadhali angesema hanitaki, mama! Ningelia siku moja nikapoa. Kunifanya haramu yake, ili yeye abaki mtu mwema!

Bi Dija aliona aibu kweli. Alikwenda mwenyewe kwa kadhi, akatubu mbele za watu. Habari haina miguu, lakini ilivuka mpaka Unguja. Sadallah akamtimua Kitwana.

— Aliyemzulia mchumba wake undugu, binti yangu atamzulia nini?

Haukupita muda, Kitwana huyooo, hodi mlangoni kwa Mwanajuma.

— Mwanajuma, kadhi amesema hatuna undugu! Tunaweza kuoana.

Mlango ukafunguliwa wote. Mwanajuma alisimama kichwa wazi, ukaya umelala begani.

— Mbona hukujifunika?

— Nijifunike kwa kaka yangu?

— Usiniite hivyo, unajua ni uongo. Nilipotea tu. Wewe mwenyewe unajua: "I love only you."

— Neno umeliweka sipo. Litangulize.

Kitwana akayarudia yale yale, "only" pale pale. Mwalimu mzima, ameshindwa kulihamisha!

— Basi nitasema mimi. "Only I loved you." Mimi tu ndiye niliyekupenda, Kitwana. Wewe hukuwamo.

Machozi yalimtoka Mwanajuma, hakuyafuta.

— Mwanajuma, nakuomba...

— Haiwezekani, kaka. Sisi ni ndugu.

Akaurudisha mlango, akatia komeo.