Mzee Aliyefungiwa na Sinema ya Vita

Ndugu zangu wa Wamagana, na nyinyi wa Nyeri na Murang'a mlio na wazee nyumbani, nisikilizeni. Mimi ni mama tu, niliishia shule ya msingi, lakini jambo hili lilitokea ng'ambo ya ua wangu na tangu hapo silali vizuri.

Boma la jirani yangu Mutahi lilikuwa limetulia. Majani chai yalikatwa yakawa sawa kama meza, ng'ombe walikamuliwa kwa wakati, na baba yake, Mzee Moffat, alikuwa akiota jua mbele ya nyumba yake ndogo ya mbao huku akipukuchua mahindi. Ukipita pale ni lazima akuite akuulize kama watoto wamekula.

Halafu akaanza kusahau. Siku moja alitoka akaenda katikati ya barabara, pikipiki nusura imgonge. Mutahi anafanya kazi mjini Nyeri, na mkewe Phyllis huchuma chai. Wakanunua kufuli.

"Mama Wacera, nifanye nini?" Phyllis aliniuliza. "Nikimwacha wazi atapotea. Nikikaa naye, hao ng'ombe watakula nini?"

Na wewe unayesoma usiharakishe kumlaumu, kwa sababu kufuli kama hizo ziko nyingi huku kwetu.

Ili mzee asikae na upweke, Mutahi alimwekea televisheni. Akapitia mtaa wa Majengo kule mjini kwa kijana anayeuza sinema, akamwambia ni za mzee, basi akapewa ya vita, ya zamani sana. Ilikuwa ya Wazungu waliofungwa kambini na Wazungu wenzao, wakawa wanachimba chini kwa chini ili watoroke. Sinema hiyo ikiisha ilijirudia yenyewe. Mzee aliachwa nayo asubuhi, akafunguliwa jioni.

Kosa lilikuwa hapo. Sisi sote tunajua kwamba Mzee Moffat alikamatwa na mkoloni wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya kabla ya uhuru, akiwa kijana, akawekwa kambini. Hakupenda kuyasimulia. Lugha ya ile sinema hakuijua, lakini waya wa miiba aliujua. Mbwa, firimbi, watu waliochuchumaa wakihesabiwa, hayo hayangoji mtu wa kukutafsiria.

Akabadilika. Phyllis akifungua mlango na kikombe cha uji, alimkuta mzee amesimama wima kando ya kitanda, anaangalia chini. Mutahi alicheka, akasema siku hizi baba ana adabu kama mtoto wa bweni. Kisha vijiko vikaanza kupotea. Kucha zake zikajaa udongo, mifuko ya koti pia. Phyllis akaona ni uzee, ati mzee anakula udongo. Akafunga na dirisha.

Jumapili moja baada ya kanisa walimtoa nje. Nilimwona akizunguka kwenye kabichi, mikono mfukoni, anasimama, anakung'uta udongo kwenye koti, anaendelea. Nikaenda kumsalimia. Alinijibu bila kunitazama.

"Wewe ndiye unapikia askari?"

Nikamwambia mimi ni Mama Wacera, jirani yake.

"Usiniambie jina. Wakinipiga nitasema."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mutahi, nikamwambia baba yako anafikiri yuko kambini, toa hiyo sinema, toa na kufuli. Akanijibu kwa upole kwamba ni hiyo sinema inayomtuliza, kwamba ukiizima analia. Kweli alikuwa analia. Sasa naamini alilia kwa sababu alikuwa hajamaliza kujifunza njia ya kutoroka.

Msimu wa mvua ulipofika, Phyllis alirudi kutoka kupeleka chai akakuta kufuli imefungwa vilevile. Ndani, watu wa sinema walikuwa wakikimbia. Kitanda kilikuwa kimesogezwa, na kwenye sakafu ya udongo, chini ya mbao za ukuta, kulikuwa na shimo. Koti la mzee lilikuwa limenasa hapo. Mwenyewe alikuwa amepita.

Tulitoka mtaa mzima. Mnajua baridi ya huku mvua ikitoka mlimani. Mutahi ndiye aliyemfikia, kule chini mtoni kwenye matete, akiwa na panga la kufyekea njia. Mimi nilikuwa nyuma yake, niliona.

Mzee alipomwona alichuchumaa. Akaweka mikono kichwani.

"Nimejileta, afande. Wale wengine usiwapige. Ni mimi nilichimba."

Mutahi alitupa panga. Akapiga magoti kwenye matope, akasema, "Baba, ni mimi. Ni Mutahi wako."

"Ndiyo, afande," mzee akasema.

Mutahi alimbeba mgongoni mpaka juu, na njia yote mzee alimwomba asimrudishe mle ndani. Hakurudi. Nimonia ilimmaliza hospitalini, na hata mwisho, mwanawe akimshika mkono, alimwita afande.

Mutahi aling'oa mlango wa ile nyumba. Phyllis ananiambia kila asubuhi mumewe husimama pale nje, haingii, kisha anaenda kazini.

MAFUNZO

Mzee akisahau jina lako, si kwamba amesahau yaliyompata. Mengine hubaki, na mengine hurudi yakiwa na nguvu kuliko wewe. Kabla hujamwekea kitu cha kumshughulisha, kaa naye ukitazame pamoja naye, uone kinamfanya nini. Ukienda shambani, mwombe jirani akae naye. Tupeane zamu kama tunavyopeana zamu za kulima. Mimi niko tayari, niiteni.

Na mzazi wako akikuuliza kama amefungwa, usimwambie ni kwa usalama wake. Fungua mlango kwanza. Mtazungumza mkiwa nje.