Kuo wa Miwani na Kuo wa Udi

"Kuo! Picha za Kuo tayari!"

Mikono miwili ilinyooka juu ya kaunta kwa mpigo mmoja. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, na duka la kusafishia picha mkabala na stesheni ya Taichung lilikuwa limefurika watu mpaka mlangoni. Muuzaji, jasho likimtiririka, alizigawa bahasha mbili bila kutazama na kuita jina lingine.

Peiju alifungua yake barabarani. Picha ya kwanza ilimtolea macho: nguruwe mzima wa kuchoma, nanasi mdomoni, amelazwa mbele ya meza ya kutambikia wahenga wa watu asiowajua.

"We kaka! Kaka wa miwani!" alipaza sauti. "Umeondoka na familia yangu!"

Kijana aligeuka. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, miwani ya fremu nyeusi imekaa puani kama amezaliwa nayo. Naye aliona msichana mwenye nywele fupi, gauni la pamba la buluu lililomkaa vizuri kiunoni, na pini za kushonea zimechomekwa kwenye ukosi.

"Afadhali umeniita," alisema. "Nilikuwa najiuliza huyu bibi anayenikodolea macho nimemkosea nini."

"Ni bibi yangu, na anamkodolea kila mtu. Nipe."

"Nipe kwanza nguruwe wangu."

Walicheka. Kijana akazipitisha picha za msichana mara ya mwisho kabla ya kuzirudisha, akasimama kwenye moja. "Hii ni meza ya wahenga wenu? Samaki, kuku, bata bukini... nguruwe yuko wapi? Wahenga wenu wanapunguza unene?"

"Kwetu hatuwawekei. Sisi tunakula, wao hawali. Ndivyo tulivyokuta." Akamnyang'anya bahasha. "Na wewe unaitwa nani, mkaguzi wa meza za watu?"

"Kuo Wenlung. Natengeneza miwani, duka la tatu ukivuka taa."

Kicheko kilimkauka Peiju mdomoni. Alikuwa ameshasahau kwamba bahasha zote mbili zilikuwa za Kuo.

"Mimi pia Kuo," alisema taratibu.

"Basi tumeshakuwa dada na kaka."

"Usiniite dada," akajibu haraka mno, uso ukamwaka moto.

Sasa niwaambie kwa nini jina lilimtia baridi, maana mimi nimekaa mtaa mmoja na baba yake, kule Lukang, na namjua. Mzee Kuo Tienlai anauza udi. Lakini udi ni wa kumpatia ugali wa siku tu. Kazi ya moyo wake ni kitabu cha ukoo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa katibu wa jumba la ukoo wa Kuo, akikusanya majina, akiyapanga kizazi baada ya kizazi mpaka yafike kwa Jenerali mkuu wa enzi za wafalme wa Tang wa China, yule ambaye kila Kuo anapenda kumwita babu. Mzee alijihesabu kizazi cha arobaini na mbili. Na kwa kuwa kwake kila Kuo alikuwa mtoto wa Jenerali, kila Kuo alikuwa ndugu. Alimwambia binti yake tangu akiwa na miaka kumi na mitano: "Niletee mwanaume yeyote, hata awe kilema, hata awe chapombe. Usiniletee Kuo. Huyo ni kaka yako."

Peiju alikusudia kabisa kutovuka zile taa. Jumatatu alivuka.

Alikuwa akishona magauni ya harusi kwenye duka moja la maharusi hapo Taichung, na kila mchana akitoka na sindano bado mkononi kwenda kula tambi na Wenlung. Yeye alimwita "fundi wangu". Wenlung alimwita "kipenzi", na akiwa na uchokozi, "dada", ili apigwe kofi la begani. Mwezi wa tatu ulipokwisha, hakuna aliyeweza kujidanganya tena. Walipendana, na walikuwa na hofu.

Shida ilikuwa simu. Jumapili Peiju alikuwa nyumbani Lukang, na simu ilikuwa dukani, kwenye mkono wa Mzee.

"Haloo, hapa Udi wa Kuo."

"Shikamoo Mzee. Naomba kuongea na Peiju."

"Wewe nani?"

"Lin, Mzee. Wa duka la miwani."

Uongo ule ulizaliwa hivyo, kwa hofu tu, na ukapewa kula ukanenepa. Mzee Kuo alimpenda Lin. Lin alijua kuongea na wazee. Lin alisikia kwamba maandishi ya kitabu cha ukoo yanamsumbua Mzee macho, akampelekea miwani ya kusomea kwa mkono wa Peiju, na Mzee alipoivaa aliona hata vidoti vya wino.

"Huyu Lin ana mkono," alisema. "Mlete chakula cha mchana Jumapili."

Wenlung alikuja na bati la biskuti na shati jipya. Bibi, mama yake Mzee, mwanamke mdogo wa miaka themanini na mbili, alikaa kwenye kigoda akimkodolea macho kama kwenye picha. Walikula mkate wa mayai na chaza. Mzee alileta rasimu ya kitabu, kurasa mia sita, akaipapasa kama mtu anayempapasa mtoto.

"Kinakwenda kiwandani kuchapwa mwisho wa mwezi ujao. Nikishakufa, hiki ndicho kitakachosema nilikuwepo."

Kisha akawasha vijiti vitatu vya udi, akamkabidhi mgeni. "Wasalimie wahenga wetu. Waambie jina lako, wajue nani kala kwao."

Wenlung alisimama mbele ya vibao vya mbao vilivyoandikwa majina ya wahenga, moshi ukimpanda usoni. Angeweza kusema Lin. Jivu la kijiti lilimdondokea mkononi.

"Wenlung, sema," Peiju alinong'ona.

"Mimi..." Sauti ilimkwama. "Mimi ni Kuo. Kuo Wenlung. Niwie radhi, Mzee. Wewe nimeweza kukudanganya, lakini hawa siwezi."

Mzee Kuo alisimama polepole. Alivitoa vile vijiti mkononi mwa kijana, kimoja kimoja.

"Umekula mezani kwangu kwa jina la watu."

"Baba, ni mimi niliye..."

"Nyamaza! Huyu ni kaka yako! Mnataka Jenerali ageuke kaburini?" Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Toka. Na simu ya hapa usiipige tena."

Siku tisa zilipita bila neno. Siku ya kumi Wenlung alimsubiri Peiju nje ya duka la maharusi, uso ukimng'aa.

"Kipenzi, sisi si ndugu!"

"Umeanza kunywa mchana?"

"Sikiliza. Jana nimempima macho mzee mmoja wa Lukang, mwalimu mstaafu. Nikamuuliza kuhusu Kuo wasiowawekea wahenga nguruwe. Akacheka, akasema kila mzee wa pale anajua. Nyinyi si wa Jenerali hata kidogo! Wa kwanza wenu alikuja kwa meli kutoka nchi za magharibi huko, watu wasiogusa nguruwe. Jina la Kuo alilichukua alipofika, ili apate kukaa na watu. Unaelewa? Tunaweza kuoana! Twende tukamwambie baba yako leo hii."

Alitarajia kukumbatiwa. Peiju alirudi hatua nyuma.

"Umwambie nini? Kwamba kitabu chake ni takataka?"

"Nimwambie ukweli."

"Miaka kumi na tisa, Wenlung! Baba hana kitu kingine. Hana elimu, hana mtoto wa kiume, mama alimwachia mimi na moshi wa udi. Ana Jenerali. Na wewe unakuja unachekelea, unataka kumvua mbele ya mtaa mzima ili upate mke?"

"Kwa hiyo unamchagua mtu aliyekufa miaka elfu moja na ushee iliyopita, mimi uniache?"

"Namchagua baba yangu aliye hai."

Wenlung alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi mwishoni mwa mwezi ujao, majina yenu yakishapigwa chapa kwenye kitabu cha Jenerali, tutakuwa ndugu kwa maandishi. Hongera, dada."

Safari hii hakupigwa kofi la begani. Peiju aliingia ndani akakaa kwenye cherehani, na gauni la bi harusi wa watu likapata tone la damu la kidole.

Wiki tano zilikwenda. Alikonda. Mzee aliona, akazidi kujifungia na kurasa zake. Ijumaa ya mwisho ya mwezi simu iliita kwenye duka la maharusi.

"Ni mimi," Wenlung alisema. "Mjomba anataka nikamshikie duka Hualien, mbali huko pwani ya mashariki. Naondoka Jumapili na treni ya mchana. Nilitaka usikie kwangu."

"Utarudi?"

"Kuna kitu cha kunirudisha?"

Peiju alifunika mkonga wa simu kwa kiganja asisikike akilia, na yule akadhani kimya ndicho jibu. Simu ikakatika.

Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa siku aliyofariki babu, na kama kila mwaka meza ya wahenga ilitandikwa kabla ya saa sita: samaki, kuku, bata bukini, wali, machungwa. Bibi alikuwa ameosha masufuria mara tatu tangu alfajiri. Ndipo Peiju alipoingia kutoka sokoni, amevaa lile gauni lake la buluu, akaweka sinia mbele ya baba yake. Juu yake lilikaa paja la nguruwe lililopikwa kwa mchuzi wa soya, linang'aa, linatoa mvuke.

Bibi alishika ukingo wa kigoda. "We mtoto. Unajua ulichokileta humu?"

"Najua, Bibi." Akamgeukia baba yake. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Baba, kitabu kinakwenda kiwandani Jumatatu. Jenerali alikula nguruwe. Watoto wa Jenerali wote wanawawekea wahenga nguruwe. Kama babu ni wa Jenerali, mwekee. Ukiliweka pale mezani, namwacha Wenlung leo, na jina lake hutalisikia kinywani mwangu mpaka nife."

"Huu ni utovu wa adabu."

"Ndiyo, Baba. Weka."

Mzee Kuo alilitazama paja lile. Alimtazama binti yake, akaona mifupa ya mabega. Hasira ikampanda, akalibeba sinia kwa mikono miwili.

Ni hatua sita kutoka meza ya chakula hadi meza ya wahenga. Nne alizipiga kwa kishindo. Peiju alifumba macho, kucha zimemzama viganjani. Alikuwa ameweka maisha yake kwenye lile sinia na sasa lilikuwa linakwenda zake.

Hatua ya tano ilichelewa. Mvuke wa nyama ulipanda ukatia ukungu kwenye miwani ya Mzee. Aliinua sinia mpaka usawa wa meza. Vibao vilikuwa pale, cha baba yake mbele kabisa. Mikono ikakataa. Alijaribu tena, jasho likamshuka shingoni, na mikono ikakataa vilevile.

"Mama," alisema bila kugeuka. "Mbona husemi kitu?"

"Umeniuliza?" Bibi alijibu. "Miaka kumi na tisa umewauliza watu wa Tainan, umewauliza watu wa ng'ambo ya mlango wa bahari, umeuliza mawe ya makaburi. Mimi ninayekupikia hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

"Nilipoolewa humu, mama mkwe alinionyesha sufuria. Akasema, siku ya mtu wetu aliyekufa, nguruwe asiingie, maana wa kwanza wetu alitoka mbali, alisali bila sanamu, na hakula mnyama huyu. Aliahidiwa kwamba hata wajukuu wakisahau kusali, mezani kwake hatawekewa. Basi. Hatuna Jenerali, mwanangu. Tuna ahadi, na tumeitunza."

Mzee Kuo alirudi na sinia jikoni. Walisikia maji. Alinawa mikono mara tatu, kama alivyomwona baba yake akinawa, bila mtu kumwambia. Alipotoka alikaa mbele ya kurasa zake mia sita, akavua miwani, na machozi yakamtoka waziwazi.

Peiju alipiga magoti. "Nisamehe, Baba."

"Miwani hii," Mzee alisema, akiigeuzageuza. "Inaonyesha kupita kiasi."

"Acha kulia," Bibi alisema. "Umemtafuta Jenerali miaka yote hiyo. Kama kuna mwenye damu yake, ni yule kijana uliyemfukuza. Mwite, upate wajukuu wa kuwaandika kwenye hicho kitabu bila kudanganya."

Mzee alipangusa uso kwa mkono wa shati. Kisha akavuta simu, akasoma namba kwenye kisanduku cha miwani.

"Haloo. Wewe Lin?"

"Mimi ni Kuo, Mzee."

"Najua. Kesho usipande treni. Njoo kwangu saa tano, uje na wazazi." Akameza mate. "Na usilete nguruwe."

Walikuja na samaki wawili wakubwa kwenye kikapu chekundu. Wenlung alikuwa amechoka, hakulala, tai imepinda. Peiju alitaka kuinyoosha, akaogopa, kisha akainyoosha mbele ya wote. "Nilikuwa nalia kwenye simu, mjinga wewe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sikuwa nimenyamaza."

"Na mimi sikufungasha hata soksi moja," naye akajibu.

Mzee Kuo aliwasha vijiti vitatu. Safari hii alimkabidhi kwa mikono miwili. "Waambie jina lako."

Wenlung alisogea mpaka mbele ya vibao, akainama mara tatu.

"Mimi ni Kuo Wenlung," alisema, na safari hii sauti haikukwama. "Si ndugu yenu. Nimekuja kumposa Peiju."

Mzee Kuo alisubiri majivu yadondoke, kisha akavipokea vijiti akavichomeka mwenyewe kwenye chungu cha udi mbele ya wahenga.