Congélateur ya Mama Chérie Inakunywa Courant Yetu

Kila asubui Nadège, Mama Divine, anatiaka jus ya matunda ya maracuja mu bichupa na kuiweka mu frigo. Anauzishia pa mulango, mu mji ya Baraka, karibu na soko. Umeme, courant ya mji, ikiwa, jus inakuwa baridi. Courant ikienda, jus inakuwa moto na bakiriya banaenda.

Banaenda wapi? Kwa jirani Suzanne, Mama Chérie. Anauzishaka jus na samaki, na iko na courant ya mji, na panneau ya jua juu ya nyumba. Mji ikizima, congélateur yake, frigo kubwa ya kugandisha, inaendelea kunguruma. Ile ngurumo ilikuwa inamuuma Nadège ku roho. Lakini mji ikizima wakati Suzanne iko soko, congélateur ilikuwa inanyamaza mpaka arudi. Nadège alipenda sana ile kimya.

Siku moja muntu wa kambi ya Lusenda alionja jus ya moto ya Nadège, akasema ni ya kuogesha mutoto. Akarudisha chupa, akaenda kwa Suzanne. Mangaribi Nadège akamuambia bwana yake Placide: kama panneau haiko, ata chakula haitakuwa.

Placide akaleta panneau, batterie ya kuchunga courant ya jua, na convertisseur, ile boîte inageuza courant ya batterie ikuwe kama ya mji. Muuzishaji alimuuliza kama iko na inverseur. Placide hakujua ni nini. Nyumbani akamuambia Nadège bamuulize Suzanne.

"Kumuuliza Suzanne?" Nadège akasema. "Afazali tulale mu giza."

Basi Placide akakamata câble moja, akatia fiche, ile meno ya kuingiza mu prise, ku mwisho zote mbili. Fiche moja akaingiza mu convertisseur, ingine mu prise ya ku ukuta, juu nyumba yote ipate. Ile câble, usiitengeneze ata siku moja.

Kesho yake, saa sita, courant ikaenda. Ni Dieumerci aliikata, mudogo wa Nadège. Dieumerci anatumikaka ku mapoteau, nguzo za courant ya mji. Alikuwa juu ya poteau, nyuma ya nyumba, anabadirisha waya ya kuungua yenye inaleta courant kwa Nadège na kwa Suzanne. Alipima waya, akakuta haina kitu. Dada yake hakujua kama iko pale.

Placide akawasha convertisseur. Taa ikawaka. Nadège akacheka. Kisha akasikia ngurumo upande wa jirani. Na Suzanne alikuwa soko; congélateur yake ilipashwa kunyamaza.

Convertisseur ikaanza kulia piii.

"Placide, congélateur ya Mama Chérie inakunywa courant yetu."

"Haiwezekani."

"Zima. Ata kidogo hatapata."

Placide akazima.

Kule ku poteau, mukono ya Dieumerci ilikuwa imeshika waya na inakatala kuachia. Sasa ikaachia. Mukaba yenye ilimufunga ku poteau njo ilimuzuia asianguke. Akashuka, kiganja imeungua, akafuata waya mpaka mu nyumba. Aliona ile câble, akaikala chini.

"Yaya, ulitaka kuniua?" akauliza dada yake.

"Mi nilikuwa namunyima tu Suzanne," Nadège akasema, na machozi ikatoka.

Suzanne alitoka soko na kitunga yake, akakuta bote kwa Nadège. Dieumerci akabaelezea. Waya ya mji ni njia: courant inaingia na inaweza kutoka. Haijue mwenyewe ni nani. Inaenda kwa jirani, inaingia mu mwili ya muntu. Na mji ikirudi wakati courant yako ingali inawaka, zinagongana, nyumba inaweza kuungua.

Suzanne akabaonyesha inverseur yake ku ukuta. Levier, kile kishikio, ikiwa juu, nyumba inakamata mji. Chini, inakamata jua. Haiwezi kugusa zote mbili. Akiwa soko, hakuna wa kuishusha, njo congélateur inanyamaza.

"Juu ya nini haukuniambia?" Nadège akauliza.

"Mama Divine, ungenisikia?" Suzanne akasema.

Nadège alipeleka Dieumerci ku centre de santé bamutunze mukono, kisha akarudi kuuliza jina ya fundi wa Suzanne. Fundi akakuja, akatia inverseur, na ile câble akaikatakata.

Toka siku ile Nadège anashusha levier mwenyewe, jus inabakia baridi, na kiganja ya Dieumerci ilipona. Kisha mvua ikanyesha siku mingi, mji ikaenda, batterie ya Suzanne ikaisha. Frigo ya Nadège ni ndogo, inakula kidogo, batterie yake ilikuwa ingali na courant. Suzanne akakuja na basani ya samaki, anaomba nafasi.

Nadège akatosha bichupa yake mu frigo. "Weka, Mama Chérie. Lakini leo bakiriya bapite kwangu."

Kwa jirani congélateur ilikuwa kimya. Nadège aliisikiliza kidogo, akafurahi, kisha akafunga frigo.