Dakika Hamsini za Winchi

Winchi alirudi safarini hana njaa. Hapo ndipo mkewe aliposhtuka kidogo, maana mtu huyu alikuwa mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, mtu wa kubeba jokofu begani huku anapiga mluzi, na akiketi mbele ya sufuria ya wali, sufuria yenyewe ilikuwa inamwogopa.

"Ulikula kwa dada yako?"

"Sijala."

"Basi kaa ule."

"Kuleni nyie."

Alikuwa amekwenda kumwona dada yake aliyejifungua. Kwa barabara ni siku nzima ya vumbi. Kwa ndege, toka kiwanja hiki mpaka kile, dakika hamsini tu, hata kiti hakijapata joto. Sasa, wapakiaji wana mwiko: jeneza likishaingia, wa mwisho kulishika hupiga ubavu wa ndege kwa kiganja, husema, "Nenda, mimi nabaki." Akishasema hivyo, ndege hiyo haipandi. Siku ile Winchi alipakia jeneza, akapiga kiganja, akayasema kwa mazoea, kisha akapanda ndege hiyohiyo.

"Umesema unabaki, mbona unapanda?" mwenzake alimuuliza.

"Acha woga, wewe. Maiti anasikia?"

Nyumbani, watoto wakaacha kumkalia mapajani. Baba ana baridi, walisema. Mchana mmoja amelala, mkewe akamwekea sikio kifuani, na mahali pa moyo akasikia ngurumo ya injini, ile ya mbali, isiyopanda wala kushuka, na harufu ya mafuta ya ndege ikamtoka mdomoni, ikajaa chumba, ikatambaa ukumbini, ikavuka kuta mpaka nyumba ya saba, na muda wote huo kifua hakikuinuka hata mara moja.

Mke hakulia. Aliosha vyombo, akampigia wifi yake.

"Wifi, kaka yako alifika kwako?"

"Hajafika. Nilijua ameahirisha."

Akaita mganga. Mganga alichungulia chumbani, akarudi ukumbini ananong'ona.

"Ni jini. Amekalia nafasi ya mumeo. Kumtoa naweza, ila njia aliyopitia ni moja. Nikiifunga, aliyebaki huko hashuki tena."

"Wangu alishakufa. Mtoe."

Mganga akafungua mkoba. Simu ikaita. Namba ya Winchi.

"Mama watoto." Sauti ya chini, nyuma yake ngurumo ileile. "Bado tuko hewani. Kila nikiuliza, naambiwa zimebaki dakika hamsini. Abiria wenzangu hawaongei. Nisubiri lakini, eh?"

"Nakusubiri."

Simu ikakatika. Mke akaiweka mezani.

"Funga mkoba, mganga. Njia ibaki wazi."

"Dada yangu, kile kitu kitaanza na watoto."

"Watoto watalala kwa bibi yao."

Akawafungashia nguo, akawatoa. Kisha akaingia chumbani, akavuta kiti karibu na kitanda, akakaa, mikono mapajani. Kile kitu kikafumbua macho, kikasogea ukutani, kikampisha alale.

Akalala.