Kikombe cha Mkamuaji

Katika shamba lile la pamoja, familia zote huishi kwenye safu moja ya vyumba na hula kutoka jiko moja. Kazi hugawanywa kwa zamu, isipokuwa kukamua. Kukamua ni kazi ya Mama Maziwa. Hana mtoto, jina hilo walimpa kwa utani, na utani wenyewe haukuwa na haya.

Maziwa ya jikoni huchemshwa. Lakini kikombe cha kwanza, chenye povu na joto la kiwele, kilikuwa haki ya mkamuaji. Alikinywa palepale zizini. Ilikuwa heshima yake, na hakuwa na heshima nyingine.

Mwaka ule mimba yake ya pili ilitoka. Akalala na homa inayokuja na kuondoka, viungo vikimuuma.

"Matumbo mengine hayashiki," mama mkwe wake alisema, akichambua maharage.

"Apumzike kidogo," mwenyekiti wa shamba akamwambia mumewe. "Ila zizi halingoji."

Akarudi zizini. Baada ya wiki chache, ng'ombe mmoja, Madoa, alitupa mimba. Mama Maziwa alimvuta ndama mfu kwa mikono mitupu. Mwenyekiti hakukawia, akapiga simu. Kabla ya saa sita daktari wa mifugo alikuwa amefika.

Daktari alivaa glavu kwanza. "Nani amemvuta ndama?"

"Mimi."

"Hivyo hivyo, bila glavu?"

"Ndivyo tunavyofanya siku zote, daktari."

"Na maziwa mnachemsha?"

"Tunachemsha," mwenyekiti akadakia. "Ila kikombe cha mkamuaji tu. Hicho ni cha heshima."

Daktari akamgeukia Mama Maziwa. "Unapata homa za kuja na kuondoka? Jasho usiku?"

"Napata. Na mimba zangu mbili zimetoka."

Daktari akashusha pumzi. "Pole sana, mama. Nadhani huyu ng'ombe ana ugonjwa wa kutupa mimba. Vijidudu vyake vimo kwenye maziwa mabichi, kondo la nyuma na maji ya uzazi. Humpata na binadamu, na huweza kuharibu mimba yake. Mimi natibu wanyama. Wewe nenda hospitali leo upimwe damu. Dawa zipo, ni za wiki kadhaa, usiziache katikati. Mumeo naye apimwe."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi.

"Mama," Mama Maziwa akamwambia, "Madoa kaitiwa daktari siku hiyo hiyo."

Mama mkwe akageuka, akarudi jikoni.

Damu ya ng'ombe wote ilipimwa, na wagonjwa wakaondolewa. Sasa glavu zinaning'inia mlangoni mwa zizi. Kondo la nyuma huzikwa kwenye shimo refu, mbali na kisima. Maziwa yote huchemshwa mpaka yafure, hata kikombe cha kwanza. Mama Maziwa alimaliza dawa, homa ikamtoka. Hospitali walimwambia anaweza kujaribu tena.

Ndama wa mwaka huu wote wamezaliwa wazima. Mwenyekiti huwaonyesha wageni. "Hapa hatujapoteza hata mmoja," husema, huku Mama Maziwa akipita na ndoo nyuma yake.

Kila asubuhi mama mkwe humchemshia kikombe chake na kumletea zizini kwa mikono miwili. Mama Maziwa hupokea na kusema asante. Maziwa yale ni salama, anajua. Akishaondoka mama mkwe, humpa paka.